Mpira Kati ya Chuma na Chuma

Bushi ni mabomba mawili mafupi ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na mpira uliogandishwa kati yake. Bomba la nje hushindiliwa kwenye mkono unaoshika gurudumu. La ndani hupitishwa bolti na kukazwa kwenye bodi ya gari. Gurudumu likipanda tuta au likitumbukia shimoni, mkono huzunguka kidogo, na kinachosokotwa ni ule mpira. Chuma hakisuguani na chuma. Bushi nzuri haitaki grisi, haipigi kelele, na haionekani ila na mtu aliyelala chali chini ya gari. Ndiyo maana husahauliwa kuliko kipuri kingine chochote. Gari la mwaka 1971 laweza kuwa limebadilishiwa injini, likapigwa rangi upya na kushonewa viti, huku bado linatembelea bushi za kiwandani zilizokauka na kupasuka kitambo.

Magari ya umri huo bado yapo Nairobi. Kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, kwa hiyo Datsun na Peugeot kongwe zinazoonekana leo nyingi ni zilezile zilizofika enzi zake. Zimerithiwa, zimeuzwa na kuuzwa tena, zimelala chini ya miembe miaka kadhaa kisha zikaamshwa. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, huzipanga zilizotunzwa vizuri kwenye nyasi za uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Kilomita chache kutoka hapo, upande wa magharibi wa Kibera, jirani na Kianda na Gatwekera, kiko kijiji cha Soweto West. Gereji za jua kali za huko na za Kawangware hazina lifti wala sakafu ya saruji. Zina jeki, vaisi iliyofungwa kwenye gogo, spana zilizochakaa mpaka zikang'aa, na watu ambao wamebadilisha bushi nyingi kuliko mafundi wengi wa kwenye maduka ya vioo. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kwao.

Bushi zinazoelezwa hapa ni za nyuma ya gari, na Datsun ni kati ya magari yaliyojipatia jina kubwa katika barabara za Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari za 1970 kwa Datsun 1600 SSS, wakarudia 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Miaka michache nyuma, 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari lenye ekseli moja nzima nyuma, ambalo difu yake, gia inayogawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini, iko katikati ya ekseli na hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Datsun hizi zilikuwa za mpango mwingine. Kila gurudumu la nyuma lilijitegemea, na difu ilifungwa chini ya bodi ikabaki hapo. Tairi moja linapopita juu ya jiwe, lenzake halina habari. Mpango huo hulishika gari barabarani vizuri kuliko ekseli nzima, lakini una gharama: kila kiungo kilichoongezwa kilihitaji mpira wake.

Katika 240Z, kila upande una mkono mpana wa chini wenye bushi mbili kwenye bodi na mbili kwenye gurudumu. Hizo ni 8. Difu nayo imeshikwa sehemu tatu: puani pana kitako cha mpira kilichokaa juu ya mhimili wa chuma, na nyuma pana upau uliopinda, ambao mafundi wa Datsun kote duniani huuita upau wa sharubu, wenye bushi moja kila ncha. Jumla yote ni mipira 11. Datsun 1600 hutumia mikono iliyoelekezwa nyuma kwa mshazari, miwili tu, kila mmoja na bushi zake mbili. Peugeot 504 saluni, iliyotoka 1968, ilifuata wazo hilohilo la mikono ya mshazari. Zile 504 ndefu zilizopakia abiria wa kwenda mashambani, Pijo zenyewe, zilibaki na ekseli nzima kwa ajili ya mzigo. Fundi anayetambaa chini ya gari lolote kati ya hayo huanza kwa kujua anatazama mpango upi, kwa sababu dalili moja huwa na maana tofauti katika kila mpango.

Kazi ya mipira ya difu ni nzito kuliko inavyofikiriwa. Chukua injini yenye nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 200. Gia ya kwanza ikiizidisha mara 3.5 na difu mara 3.9, magurudumu yanapata takribani nyutoni-mita 2,730. Sheria ya asili haitoi kitu bure: magurudumu yakisokotwa kwenda mbele, nyumba ya difu inasokotwa kurudi nyuma kwa kiasi kilekile, na pua yake inataka kuinuka. Kama pua na upau wa nyuma vimeachana sentimita 40, nguvu ya kuinua ni sawa na uzito wa kilo 700 hivi, na yote inakivuta kile kitako kimoja cha mpira. Dereva akiachia mafuta, pua inashuka. Akikanyaga tena, inapanda. Kwenye foleni ya Ngong Road jambo hilo hutokea mamia ya mara kabla ya jioni. Waliobuni 240Z walijua mpira huo utachanika siku moja, wakaweka mkanda imara juu ya pua ya difu ili ukichanika, difu isigonge sakafu ya gari. Huo ni ubunifu wa watu waliofikiria mwisho wa kazi yao wenyewe, na unastahili heshima.

Kinachoua bushi ni umri kwanza, barabara baadaye. Oksijeni na ozoni huufanya mpira kuwa mgumu kuanzia juu kwenda ndani, hata gari likiwa limesimama. Nyufa nyembamba hutokea kwenye ukingo, zikazunguka, kisha mpira ukaachana na bomba lake. Joto la ekzosi huharakisha. Oili huharibu kwa njia nyingine: mpira asilia ukinywa oili huvimba, ukalegea na kuwa kama ugali usioiva, na difu yenye sili iliyochoka huidondoshea bushi zake oili mchana na usiku. Kwa hiyo fundi makini akikuta bushi imevimba hamalizii hapo, anaitafuta sili. Barabara ya kokoto na mashimo humalizia kilichobaki. Gari linalolala ndani ya Kibera hupita kwenye mawe na mitaro mita mia kadhaa kabla ya kuifikia lami, na mwendo huo wa polepole, kila gurudumu likipanda na kushuka kadiri ya uwezo wake wote, husokota bushi kuliko kilomita nyingi za barabara kuu.

Mwenye gari hufika na neno moja: "Fundi, kuna kitu kinagonga nyuma." Jibu la fundi mzoefu ni kumwomba aliendeshe naye akiwa ameketi nyuma, dirisha wazi. Mlio mmoja, kong', wakati klachi inaachiwa na mwingine wakati mafuta yanaachiwa, huelekeza kwenye kitako cha pua ya difu. Mlio wa kwichi-kwichi kwenye matuta huelekeza kwenye bushi za mikono. Dalili mbaya kuliko zote haina sauti: gari linajiendesha lenyewe kwa nyuma. Dereva anageuza usukani, pua inaitikia, halafu baada ya nukta kidogo sehemu ya nyuma nayo inageuka kwa hiari yake. Hapo bushi zimelegea kiasi kwamba gurudumu la nyuma linabadilisha uelekeo kila linaposukumwa. Tairi hulika upande mmoja, mara nyingi wa ndani, na wengi hununua tairi mpya mara kadhaa kabla ya kuambiwa kwamba kosa si la tairi.

Hili la uelekeo linahitaji kusisitizwa. Katika Datsun hizi, kama zilivyotoka kiwandani, magurudumu ya nyuma hayana mahali pa kurekebishia uelekeo. Hakuna nati ya kuzungusha wala kipande cha kuongeza. Gurudumu linaelekea pale bushi zinapoliruhusu kuelekea. Mtu anaweza kulipia alaimenti kila mwezi, na mashine itasoma kosa lilelile, kwa kuwa kinachopaswa kurekebishwa ni mpira uliokufa. Mpira huo laini ndio unaoamua chuma chote cha nyuma kinatazama wapi.

Uthibitisho hupatikana kwa mtaimbo. Gari likiwa limeinuliwa na kukaa juu ya stendi, fundi huingiza mtaimbo kati ya pua ya difu na mhimili, akaubinya juu. Mpira mzima hukubali milimita chache kisha ukakataa. Uliochanika huachia pua ipande wazi, na mpasuko huonekana kati ya sahani mbili za chuma ukifunguka na kufunga. Kwenye mikono, mtaimbo huwekwa karibu na kila bushi na kusukumwa mbele na nyuma. Neno la stendi si la kupitwa haraka. Gari lililoinuliwa kwa jeki na kuachwa juu ya mawe au matofali limeua watu, na kazi hii hupigwa nyundo chini ya gari kwa saa nyingi. Pale ambapo ardhi ni udongo, mbao pana chini ya kila stendi huzuia miguu yake isizame, na tairi zilizotolewa husukumwa chini ya bodi ziwe kinga ya mwisho. Gereji inayofanya hivyo hujulikana kwa macho kabla hata ya kuuliza bei.

Vipuri lazima vinunuliwe, na hapo ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Nairobi hutafuta spea Kirinyaga Road, ambayo kwa wengi bado ni Grogan. Bushi kuukuu huwekwa juu ya kaunta, muuzaji huigeuza mkononi, huipima kwa macho, kisha hushusha kisanduku. Kwa Datsun ya 1971 mara nyingi kisanduku chenye jina sahihi hakipo. Kinachofuata ni kupima kwa kalipa: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu, urefu wa bomba la ndani. Bushi ya gari jingine yenye vipimo hivyo, au yenye bomba la ndani linaloweza kukerezwa kidogo, itafaa. Hapa ndipo uzoefu hushinda katalogi, maana fundi aliyefanya kazi miaka mingi hubeba kichwani vipimo ambavyo hakuna kitabu kilichovipanga pamoja.

Hilo ni chaguo la kwanza, la mpira halisi. La pili ni plastiki ngumu ya poliyurethani, inayoagizwa kutoka ng'ambo na kusifiwa sana na wapenzi wa mbio. La tatu ni nailoni iliyokerezwa papo hapo kwenye mashine, rahisi na inayopatikana. La nne ni kipande kilichokatwa kutoka tairi chakavu, ambacho hutumika zaidi kwa kitako cha difu. Kila moja linajibu swali la gari hili ni la nini. Poliyurethani haisokotwi, huteleza juu ya bomba lake, kwa hiyo huhitaji grisi ya silikoni, na ikikauka hulia. Hushika gurudumu kwa ukali, na kwenye lami safi raha yake haina kifani. Nailoni ni kali zaidi, haina huruma kabisa. Kipande cha tairi kina nyuzi ndani yake, hivyo ni kigumu upande mmoja na dhaifu upande mwingine, na huanza kumeguka kwenye kingo zilizokatwa.

Kwa gari linalotembea Nairobi, mpira halisi bado ndio jibu sahihi, na sababu yake ni ya kimuundo. Mshtuko wa shimo lazima uishie mahali. Bushi laini huumeza na kuugeuza joto kidogo ndani yake. Bushi kali huupitisha uende kwenye kinachofuata, nacho ni bamba jembamba la bodi ambako mikono na difu vimefungwa, bamba lenye umri wa nusu karne na kutu iliyojificha. Bushi ikivunjika hubadilishwa kwa siku moja. Bodi ikipasuka penye kishikio, gari zima linahitaji kuchomelewa, na kuchomelea bamba la zamani ni kuomba msamaha kwa chuma ambacho hakijibu. Wanaoweka nailoni nyuma ya Datsun kuukuu kwa kuwa haiishi wanasema kweli kuhusu nailoni. Kinachoisha badala yake ni gari. Mpira umewekwa pale ili uliwe, ili kitu ghali zaidi kisiliwe.

Mpira wenyewe una historia ambayo haifai kusahaulika mikononi mwa watu wa eneo hili. Charles Goodyear aligundua 1839 kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na kibiriti huacha kuyeyuka juani na kukatika baridini. Bila ugunduzi huo bushi isingewezekana. Tairi la upepo la John Dunlop, 1888, likaamsha njaa ya mpira duniani, na sehemu ya njaa hiyo ilishibishwa Kongo chini ya Mfalme Leopold II, ambako watu walilazimishwa kugema mitambaazi ya msituni na walioshindwa kutimiza kiasi waliadhibiwa hadi kukatwa mikono. Utawala wake huo uliisha 1908. Mpira asilia wa leo hutoka zaidi katika mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwa bushi bado haujapata wa kuushinda katika kustahimili kusokotwa mara mamilioni bila kuchoka.

Kufungua huanza na alama. Mstari wa rangi au wa patasi huchorwa kwenye flanji ya propela na ya difu, ili virudi vilivyokuwa, kwani propela iliyorudishwa kinyume yaweza kutetemesha gari lote. Shafti za pembeni hufunguliwa, breki za nyuma huachanishwa, difu hushushwa juu ya jeki yenye ubao. Ni mzigo usiobebwa na mtu mmoja. Yote hayo ni kazi ya spana tu, asubuhi moja.

Kisha inakuja pini. Katika 240Z, pini ndefu ya chuma hupita chini ya kishikio cha gurudumu na kuunganisha bushi mbili za nje za mkono. Katikati yake kuna kabari ndogo inayoifunga isizunguke. Kabari hiyo hutolewa kwanza. Asiyeijua atapiga nyundo hadi jioni bila pini kusogea. Hata ikishatolewa, miaka 50 ya maji na vumbi imeigandisha pini ndani ya tundu lake. Njia ya subira ni kuimwagia oili ya kupenyeza kila siku, jioni na asubuhi, na kuigonga kidogo ili oili iingie. Njia ya moto ni kupasha nyumba yake kwa gesi mpaka itanuke, lakini shokomzoba iko juu ya moto huo huo, na oili iliyofungiwa ndani yake ikipata joto ni hatari; lazima itolewe kwanza. Njia ya nyundo huvimbisha ncha ya pini ikawa kichwa cha uyoga, na pini iliyovimba haitoki tena upande wowote. Ndiyo maana mafundi wenye busara hukata. Msumeno wa chuma huingizwa kwenye nafasi nyembamba kati ya mkono na nyumba, pini inakatwa pande zote mbili, mkono unatoka, na kipande kilichobaki hupelekwa kwenye presi. Pini inapotea, mikono inapona. Saa mbili za msumeno hutazamwa kama uzembe na mwenye gari aliyeketi kwenye benchi akisubiri, ilhali ndizo zinazomwokoa asinunue kishikio kizima ambacho hakipatikani.

Bushi kuukuu hutoka kwa hatua mbili. Mpira hutobolewa na kusukumwa nje. Kuuchoma ni haraka zaidi na hufanyika sana, lakini moshi wake ni sumu, na katika vichochoro ambako nyumba ziko hatua chache kutoka kwenye kazi, moshi huo unaingia moja kwa moja kwenye vyumba vya watu wenye watoto. Haifai. Bomba la nje, ambalo limebaki limeng'ang'ania ndani ya mkono, hukatwa kwa urefu kwa ujiti wa msumeno uliotolewa kwenye fremu yake. Ukataji huo ni wa kusikia: ujiti ukiumaliza ukuta wa bomba, sauti hubadilika kutoka mkwaruzo mwembamba hadi mzito, na hapo mkono wa fundi hutulia. Milimita moja zaidi na mkataji ameanza kuukata mkono wenyewe, akaacha mkwaruzo ambao ufa utaanzia. Bomba lililokatwa hukunjwa ndani kwa patasi na kuchomoka kama ganda. Tundu husafishwa kwa msasa hadi ling'ae.

Bushi mpya huingia kwa vaisi, au kwa bolti ndefu yenye nati na soketi mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kupokea. Huvutwa polepole, ikikaguliwa kila zamu kama imekaa wima. Kilainishi ni maji ya sabuni. Grisi na oili haziguswi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Nyundo isitumike: hukunja mdomo wa bomba, na bushi iliyopinda ikiingia haitoki salama. Pini mpya hupakwa grisi ya shaba kabla ya kupitishwa, zawadi kwa fundi mwingine wa miaka ijayo ambaye hatakuwa na haja ya msumeno.

Difu hurudi na kitako kipya cha pua. Nyuso za chuma husuguliwa, uchafu mdogo ukibaki hapo hukipindisha kitako tangu siku ya kwanza. Sili ya pua hubadilishwa wakati huohuo, maana haina maana kuiweka bushi mpya chini ya tone lilelile. Mkanda wa juu hukaguliwa. Ulioliwa na oili hubadilishwa kwa mkanda mwingine wenye nguvu. Bushi za upau wa sharubu huwa na upande wa juu na wa chini, na washa zake pana hurudi kwa mpangilio uliokuwapo, kwani ndizo zinazozuia difu isianguke mpira ukichanika kabisa.

Sasa inabaki hatua ambayo huharibu kazi nyingi nzuri. Nati zote za mikono huzungushwa kwa vidole mpaka ziguse, basi. Hazikazwi gari likiwa hewani. Bushi ya mpira haina mahali pa kuteleza. Bomba la ndani likishakazwa, msimamo uliopo wakati huo ndio unaokuwa sifuri yake. Chukua mkono wa sentimita 40 ambao gurudumu lake limening'inia sentimita 10 chini ya mahali pake pa kawaida. Ukikazwa hivyo, gari likishushwa mpira unakuwa tayari umesokotwa takribani digrii 14 kabla halijasogea. Tuta la kwanza laweza kuongeza nyingine 14. Bushi iliyotengenezwa kustahimili nusu ya hapo huchanika ndani ya miezi, nayo inabeba lawama ya kuwa feki, ilhali kosa lilikuwa la spana. Pia gari lililokazwa hivyo hukaa juu kuliko inavyopaswa, na wengine husifu springi.

Kwa hiyo gari hushushwa kwenye magurudumu yake. Hutikiswa, hubonyezwa nyuma kwa uzito wa watu wawili, husukumwa mbele na nyuma mita kadhaa ili kila kitu kikae. Penye shimo la kazi au njia panda ya mbao, fundi huingia chini na kukaza nati kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Pasipo shimo, jambo la kawaida katika gereji za Soweto West, magurudumu ya nyuma hupandishwa juu ya mbao nene zilizopangwa, gari likiwa limebeba uzito wake wote na magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa. Nafasi ni finyu, spana hupiga zamu ndogondogo, na kazi inachosha mabega. Lakini hesabu ya digrii 14 haibadiliki kwa sababu mahali ni pagumu, na vijana wanaojifunza hufundishwa sababu yake pamoja na namna ya kufanya, kwa kuwa anayejua sababu hatakaza hewani hata akiwa peke yake na giza linaingia.

Baada ya siku chache za kutembea, nati hukaguliwa tena kwa kipimo kilekile, gari likiwa chini. Mpira mpya hujikalia, rangi iliyo kati ya washa na chuma husagika, na nati iliyokuwa imekaza yaweza kuwa imelegea robo zamu. Hapo ndipo gari linapopelekwa kwenye alaimenti. Magurudumu ya mbele hurekebishwa. Ya nyuma husomwa tu. Yakisomeka yametazama mbele sawasawa, bushi zimefanya kazi yake. Upande mmoja ukisomeka vingine, bushi zikiwa mpya na nati zimekazwa vizuri, basi kilichopinda ni mkono wenyewe au kishikio chake kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya mwenye gesi na futi, haimalizwi kwa mpira.